Ngazi inayopungukiwa raiza mbili

Swali: "Shikamoo kaka. Nilimaliza chuo mwaka jana na sasa nachora kwa mbunifu mmoja hapa Tabata. Nimepewa jengo la Sinza: chini maduka, juu ghorofa mbili za kupangisha. Kutoka sakafu ya dukani hadi ghorofa ya kwanza ni milimita 3900, kutoka ya kwanza hadi ya pili ni 3150. Chumba cha ngazi kina upana wa 2600, na urefu wake kutoka ukuta wa nyuma hadi korido ni 4800. Bosi hataki raiza (kimo cha kidato kimoja) izidi 165, na kwenye karatasi amenichorea ngazi ya kukunja yenye tredi (pa kukanyagia) 11 kila upande. Natumia Revit, programu ya kuchorea majengo. Nikichora raiza 11 na 11, programu inalalamika kwamba ncha ya juu haifiki sakafu na kwamba raiza 2 bado. Nikiinakili ngazi hiyohiyo kwenda ghorofa ya pili, inatoboa slabu. Halafu juzi fundi mmoja aliuona mchoro akaniuliza, 'Hii ni pamoja na tailizi au bila?' Nikakosa la kusema. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeleta maswali matatu, na zito kuliko yote ni la huyo fundi. La raiza mbili tutalimaliza sasa hivi. La kunakili litachukua muda kidogo. La tailizi ndilo linaloamua kama mtu atapanda ngazi yako salama, kwa hiyo nitakaa nalo.

Raiza mbili zimepotea kwa sababu umehesabu tredi ukadhani unahesabu raiza. Bosi wako hajakosea. Milimita 3900 ukiigawa kwa 165 unapata 23 na ushee. Raiza haigawanyiki, kwa hiyo zinakuwa 24, na kila moja inatoka 162.5. Ukizigawa katika mipando miwili, yaani zile pande mbili za ngazi, kila mpando una raiza 12. Sasa simama chini ya mpando mmoja uhesabu kwa mguu: unainua mguu mara 12, lakini unakanyaga tredi 11 tu, kwa sababu mguu wa kumi na mbili unatua kwenye landingi yenyewe, ile sakafu ndogo ya kugeukia. Juu ni hivyohivyo, wa mwisho unatua kwenye sakafu ya ghorofa. Ndiyo maana karatasi ya bosi ina tredi 11 kila upande, jumla 22, ilhali raiza ni 24. Wewe ulisimamisha kipanya kwenye raiza ya 11 kila upande, na ngazi ikabaki chini ya sakafu kwa milimita 325. Vuta kila mpando hadi usome raiza 12, onyo litaondoka.

Usilinyamazishe onyo hilo kwa kuishusha levo ya juu (mstari wa usawa wa sakafu) au kuivuta ncha ya ngazi kwa mkono hadi iguse slabu. Najua linavyoudhi, hasa mchoro ukitakiwa kesho asubuhi. Lakini ngazi inashika sakafu mbili kwa wakati mmoja, na mguu unaihisi kila milimita. Ukuta ukikosea milimita 30 kwa kimo, plasta inaficha. Ngazi haifichi.

Kabla hatujaondoka hapo, tuone kama inaenea. Upana wa 2600 unatoa mipando miwili ya 1200 na uwazi wa 200 katikati. Landingi isiwe na kina pungufu ya upana wa mpando, kwa hiyo nayo 1200. Tredi 11 za milimita 300 ni 3300. Jumlisha landingi, 4500. Una 4800, basi umebakiwa na 300 kabla ya korido. Inaenea vizuri.

Kwa nini 300? Ipo kanuni ya zamani, aliyoiandika mbunifu Mfaransa François Blondel katika karne ya 17: raiza mbili ukijumlisha na tredi moja zilingane na hatua ya kawaida ya mtu anayetembea. Kanuni za ujenzi za Uingereza hadi leo zinaitumia, zikitaka jumla hiyo iwe kati ya 550 na 700. Ya kwako ni 162.5 mara mbili, yaani 325, kuongeza 300: 625. Hapo mguu hautafuti mahali pa kutua. Na kwa upande wa site, tailizi ya 300 kwa 300 inakaa nzima kwenye tredi, fundi hahangaiki kukata vipande vyembamba vya kujazia nyuma.

Sasa la fundi.

Unapofungua mradi mpya, programu inakupa levo, mistari tu yenye namba. Haikuulizi levo hiyo ni uso wa zege au uso wa tailizi. Ni wewe unayejua, na kama hujaamua, basi kila mtu atakayeushika mchoro ataamua lake. Mhandisi atasoma 3900 kama zege hadi zege. Bosi wako alimaanisha tailizi hadi tailizi. Fundi atauliza akikutana na mtu mwungwana wa kumuuliza, asipompata, atamwaga.

Miaka kadhaa nyuma nilichora ngazi ya jengo la kupangisha ambalo sitalitaja. Vidato vyote kwenye mchoro vilikuwa sawa, namba zimekaa vizuri, sikuandika popote kama ni zege au finishingi, yaani tabaka la juu la sementi na tailizi. Fundi akamwaga zege kwa raiza zilizolingana kabisa, kazi safi. Kisha sakafu za chini na juu zikawekwa sementi ya kusawazishia pamoja na tailizi, jumla milimita 50. Ngazi yenyewe ikabandikwa tailizi kwa gundi, milimita 20. Hakuna aliyefanya kazi mbaya hapo. Lakini sakafu ya chini ilipopanda 50 na kidato cha kwanza kikapanda 20, raiza ya kwanza ilipungua 30. Kule juu ikawa kinyume chake: kidato cha mwisho kilipanda 20, sakafu ya ghorofa ikapanda 50, raiza ya mwisho ikaongezeka 30. Wapangaji walipohamia, umeme ulikatika, pampu ikasimama, watu wakawa wanapandisha maji kwa mikono. Mama mmoja mwenye dumu la lita 20 kichwani alijikwaa pale pale, kidato cha mwisho. Alijishika ukutani, dumu likaenda. Mtu mwenye dumu kichwani haoni miguu yake; mguu unajifunza kimo kwenye vidato viwili vitatu vya kwanza, kisha unaenda kwa mazoea. Ukibadilisha kimo bila kumwambia, umemtegea mtego. Kanuni za Marekani haziruhusu raiza ndefu na raiza fupi za mpando mmoja zitofautiane zaidi ya inchi tatu ya nane, kama milimita 9.5. Yangu ilizidi zilizoitangulia kwa 30.

Marekebisho yalikuwa kubandua tailizi za ngazi nzima na kuongeza sementi ya milimita 30 juu ya kila tredi na kila landingi. Tangu siku hiyo siiti levo yoyote jina kabla sijajua unene wa finishingi.

Fanya hivi kwenye mradi wako. Amua kwamba levo zote ni uso wa sakafu iliyokamilika, na uliandike hilo kwenye jina lenyewe la levo, mfano "Ghorofa 1, juu ya tailizi". Zege la slabu lichore kama sakafu yake peke yake, ulishushe milimita 50 chini ya levo. Juu yake chora sakafu ya pili, nyembamba, ya sementi na tailizi, unene 50, uso wake ukae sawasawa na levo. Wengine huchanganya vyote kwenye sakafu moja yenye tabaka. Inakubalika, lakini mimi napendelea kutenganisha, maana zege linamwagwa mwezi huu na tailizi labda mwakani, na mhandisi anataka kuona lake bila finishingi yako. Jamvi la chini, yaani zege la sakafu ya dukani, nalo ni hivyohivyo, milimita 50 chini ya levo ya sifuri.

Ngazi ichore kutoka levo hadi levo, yaani kutoka tailizi hadi tailizi, 3900 kamili. Chagua aina ya ngazi ya zege la kumwagwa hapo hapo, kisha kwenye aina ya mpando washa tredi, uipe unene wa 20. Programu inapima kimo cha raiza hadi juu ya hiyo tredi, siyo hadi juu ya zege, na ndicho tunachotaka. Tatizo moja litabaki: mguu wa ngazi utaonekana unaelea, kwa sababu ngazi imeanzia kwenye uso wa tailizi na jamvi liko 50 chini yake. Kwenye sifa za mpando wa kwanza kuna sehemu ya kuurefusha chini ya usawa wa kuanzia. Andika 50 kwa alama ya kutoa, zege litashuka hadi ligusane na jamvi. Kule juu hakikisha mpando unaishia na raiza, ili zege lake likutane na ubavu wa slabu badala ya kupanda juu yake.

Ukishafika hapo, kata section (mchoro wa mkato wa wima) uone zege peke yake. Raiza ya kwanza ya zege itakuwa 192.5. Zinazofuata zote 162.5. Ya mwisho 132.5. Usishtuke, na usiruhusu mtu mwingine yeyote ashtuke akaamua kuzirekebisha. Jaribu mwenyewe: jamvi liko kutoa 50, uso wa tredi ya kwanza uko 162.5, zege lake 142.5; kutoka kutoa 50 hadi 142.5 ni 192.5. Juu, tredi ya mwisho iko 3737.5, zege lake 3717.5, zege la slabu liko 3850, tofauti yake 132.5. Tailizi zikishabandikwa, mguu utakutana na 162.5 mara 24.

Hesabu hizi zote zimesimama juu ya namba mbili, 50 na 20, ambazo nimezichukua kama mfano. Za jengo lako mwulize bosi. Kama mwenye nyumba anataka terazo, au tailizi nene za mawe kwenye ngazi, namba zitabadilika na mpangilio ubaki uleule. Kama finishingi ya ngazi ikilingana na ya sakafu, zote 50 kwa mfano, basi raiza zote za zege zinalingana na mtego wote unaondoka. Inavutia, lakini ni sementi nyingi na uzito zaidi juu ya ngazi, hivyo zungumza na mhandisi kwanza. Landingi ya katikati usiisahau: ipe finishingi ileile ya tredi. Nimeona mara nyingi landingi inawekewa finishingi nene kama ya sakafu ya ghorofa wakati tredi zina nyembamba, na kosa lilelile linazaliwa upya katikati ya safari.

Tuje kwenye kunakili. Ngazi ya kupanda 3900 ukiiweka kwenye ghorofa ya 3150 itapitiliza kwa 750, lazima itoboe slabu. Kuanzia toleo la 2018, Revit inakuruhusu kuchagua levo kadhaa na kuiunganisha ngazi moja nazo, na zile zenye kimo kinachofanana inaziweka kwenye kundi moja. Ni msaada mkubwa kwenye jengo la ghorofa kumi zinazofanana. Kwenye jengo lako, ambalo duka ni refu kuliko nyumba, ningechora ngazi mbili tofauti na kuzisimamia mwenyewe. Jengo la maduka chini na makazi juu ndilo limejaa Sinza, Kariakoo na Mwenge, na karibu kila mara ghorofa ya chini inazidi za juu kimo, kwa hiyo zoezi hili utalirudia sana.

Ghorofa ya juu ikibaki 3150, raiza zikiwa 20 kila moja itakuwa 157.5. Inakubalika, tofauti ya milimita 5 iko kati ya ghorofa na ghorofa, ndani ya ghorofa moja zote ziko sawa. Lakini mchoro bado uko mezani kwako, hakuna zege lililomwagwa, kwa hiyo nakushauri umwombe bosi aongeze milimita 100 tu: 3150 iwe 3250. Mbona 3250? Kwa sababu ni 162.5 mara 20. Sasa kutoka dukani hadi ghorofa ya pili mguu unakutana na kimo kimoja, fundi anatumia kipimo kimoja, mbao za raiza zinakatwa kwa saizi moja ukiacha za mwanzo na za mwisho. Hivi ndivyo ninavyopanga vimo vya ghorofa siku hizi: natafuta raiza nzuri kwanza, kisha sakafu nazipanga ziwe mafungu kamili ya raiza hiyo. Wengi hufanya kinyume, wanaandika 3000 au 3150 kwa mazoea halafu wanailazimisha ngazi ikubali.

Levo zako basi zitakuwa sifuri, 3900 na 7150.

Kuna jambo linafuata hapa ambalo wachoraji wengi hulikuta site, wakati wa kufunga mbao. Mipando ya chini ina tredi 11 kila mmoja. Ya juu, yenye raiza 10 kila mmoja, ina tredi 9. Landingi zote mbili za katikati zinaegemea ukuta wa nyuma, jambo jema. Pima kutoka ukuta huo: mpando unaokuleta ghorofa ya kwanza, tuseme uko kulia, unaishia kwenye 4500. Mpando unaoondoka ghorofa ya kwanza kwenda juu, upande wa kushoto, unaanzia kwenye 3900. Kwa hiyo ukingo wa slabu ya ghorofa ya kwanza haunyooki, una kona ya 600. Ukitoboa slabu kwa mstatili mmoja unaoishia 4500, upande wa kushoto utaacha shimo la 600 kati ya sakafu na kidato cha kwanza. Ukitoboa kuishia 3900, mpando wa kulia utaingia chini ya slabu na mtu ataigonga kwa kichwa.

Hii ndiyo sababu, kwenye jengo lako, sipendekezi kile kifaa cha kutoboa slabu zote kwa shimo moja linaloshuka kutoka juu hadi chini. Kinatoboa umbo moja kila sakafu, na usipokuwa mwangalifu na mahali kinapoanzia, kinatoboa hata jamvi. Hariri mipaka ya kila slabu peke yake: ya kwanza yenye kona, ya pili iliyonyooka kwenye 3900. Kumbuka una sakafu mbili kila ghorofa, zege na finishingi, na zote mbili zinahitaji tundu hilohilo.

Chini ya landingi ya kwanza usiweke mlango. Nasema hivi bila kuona ramani yako, kwa sababu kila mwenye nyumba anaiona nafasi hiyo na kuitaka. Landingi iko 1950 kutoka sakafuni. Toa tailizi 20, toa zege tuseme 150, unabaki na 1780. Na kama mhandisi ameweka bimu ya kina cha 400 pale ukingoni, chini yake ni 1530. Kanuni za Uingereza zinataka angalau milimita 2000 za nafasi ya kichwa kwenye ngazi, za Marekani 2032. Hapo weka pampu na madumu, siyo njia wala choo. Kama lazima kuwe na mlango wa nyuma, njia ni kuipandisha landingi kwa kufanya mipando isilingane: raiza 14 kwanza, kisha 10. Landingi itakaa kwenye 2275, chini yake utapata 2105, ilimradi mhandisi akubali kuiondoa bimu ishukayo. Lakini mpando wa raiza 14 una tredi 13, na kwa 300 hauenei. Itabidi tredi ziwe 270, jumla 3510, na landingi 1200, yaani 4710 ndani ya 4800 yako. Jumla ya Blondel inashuka hadi 595. Bado iko ndani ya kiwango, ila ngazi imekuwa ya kubana kidogo, na mimi ningemshawishi mwenye nyumba autafutie mlango wake mahali pengine.

Kuhakiki nafasi ya kichwa kwa jengo zima kuna mbinu rahisi. Kata section kwenye kila mpando, chora mstari unaogusa ncha za vidato vyote, uinakili mstari huo milimita 2000 juu yake. Bimu yoyote inayoukata mstari wa juu, ndiyo itakayowapiga watu vipaji vya nyuso. Fanya hivyo kabla mhandisi hajamaliza bimu zake, siyo baadaye.

Vizuizi vya pembeni nitapita haraka. Revit inaweka reli pande zote mbili yenyewe, hata ile inayoegemea ukuta. Ile ya ukutani ifute, uchore kishikio cha mkono tu kama kinahitajika. Kimo cha kishikio kwenye mpando ni 900 hadi 1000 kwa kanuni za Uingereza, na kwenye landingi za majengo yasiyo ya familia moja kizuizi kinakuwa 1100. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isipitishe mpira wa milimita 100. Hiyo ni kwa ajili ya kichwa cha mtoto, na nyumba za kupanga zina watoto. Mapambo yenye uwazi mpana, hata mwenye nyumba akiyapenda vipi, mkatalie. Kwenye ile kona ya 600 ya ghorofa ya kwanza, hakikisha reli inazunguka ukingo wote na haikatiki, kwa sababu programu haijui kwamba pale pana shimo.

Namba za Uingereza na Marekani nimezitoa kama kipimo cha busara. Mchoro wako utapitia halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi, na utasainiwa na mbunifu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kiwango gani jengo litafuata, na unene wa zege na nondo ni kazi ya mhandisi, usijaze kwa kukisia.

Kama siku moja ukipewa kazi hii kwenye SketchUp, ambayo haina levo za kukulinda, chora mstari wa wima wa 3900, uugawe vipande 24 sawa, upandishe vidato kwa kufuata vipande hivyo. Kwenye ArchiCAD kifaa cha ngazi kimekuwa kizuri tangu toleo la 21, kinakataa chenyewe vipimo vilivyo nje ya kanuni ulizokiwekea. Kote huko swali la tailizi linabaki lilelile.

Kinachoenda site sasa. Usimpelekee fundi ramani ya juu tu. Pale ngazi inakatwa na mstari wa mshazari kwenye kimo cha kama mita 1.2, na nusu ya kazi haionekani. Mtengenezee section ya kila mpando kwa skeli ya 1 kwa 20, uchore zege kwa mstari mzito na tailizi kwa mstari mwembamba. Mwanzo na mwisho wa kila mpando uukuze zaidi, 1 kwa 10. Kisha andika vimo kwa kujumlisha kutoka levo ya sifuri, usiandike raiza moja moja: zege la tredi ya kwanza 142.5, la pili 305, la tatu 467.5, hadi juu. Fundi akipima kila raiza juu ya iliyotangulia, milimita moja ya kosa mara 24 inakuwa sentimita mbili na nusu hivi kule juu. Akipima zote kutoka alama moja ukutani, aliyoihamisha kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, kosa la kidato kimoja linabaki kwenye kidato hicho. Pembeni andika kwa Kiswahili, herufi kubwa: raiza ya kwanza na ya mwisho za zege ni tofauti kwa makusudi, kwa ajili ya tailizi, usizisawazishe.

Chapisha karatasi hiyo umpelekee yule fundi aliyekuuliza. Mwambie levo zote ni pamoja na tailizi, kisha usimweleze zaidi. Muulize tu ubao wa raiza ya kwanza ataukata kimo gani. Akikujibu sentimita 19 na robo, za katikati 16 na robo, ya juu 13 na robo, peleka mchoro kwa bosi akausaini. Akikujibu 16 na robo zote, rudi mezani uikuze ile picha ya mwanzo wa mpando hadi ieleweke.